Miezi ya Mshtarii inatuambiaje kwamba Dunia inalizunguka Jua?

Mwalimu wa Kidato cha Pili aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na nimekuja na swali lililonishinda darasani wiki iliyopita. Kitabu tunachotumia kina sentensi moja tu juu ya jambo hili: kwamba Galileo alitazama angani kwa darubini, akagundua miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii, yaani Jupita, na kwa hiyo akathibitisha kwamba Dunia inalizunguka Jua. Niliisoma sentensi hiyo kwa sauti kama nilivyoisoma miaka yote. Msichana mmoja anayekaa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akaniuliza: "Mwalimu, kama miezi inaizunguka Mshtarii, hilo linatuambiaje kwamba sisi tunalizunguka Jua?"

Nilimwahidi kwamba nitamletea jibu. Tangu siku hiyo kila ninapolipima swali lake naona yuko sahihi. Mtu anaweza kukubali kwamba Mshtarii ina miezi, na bado akashikilia kwamba Mshtarii pamoja na miezi yake inaizunguka Dunia iliyotulia. Kati ya mambo hayo mawili kuna pengo, na kitabu kimeliruka.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Ni kitu gani hasa kilichoonekana kwa darubini katika miaka ile ya mwanzo kilichoupa nguvu mfumo wa Copernicus, unaosema kwamba Dunia na sayari nyingine zinalizunguka Jua, na kilithibitisha kwa kiasi gani? Sipendi kurudi darasani na sentensi nyingine ya kukariri.

Mpenda Falaki alijibu:

Mwalimu, salaam. Mwanafunzi wako ameuliza swali ambalo wasomi wa karne ya 17 waliulizana wao kwa wao. Miezi ya Mshtarii peke yake haithibitishi kwamba Dunia inatembea. Ilifanya kazi nyingine, ya kuondoa pingamizi.

Waliofuata mafundisho ya Aristotle walishikilia kwamba ulimwengu una kitovu kimoja tu, nacho ni Dunia. Copernicus alipochapisha kitabu chake mwaka 1543 alilazimika kuwa na vitovu viwili, kwa sababu sayari zililizunguka Jua lakini Mwezi uliendelea kuizunguka Dunia. Wapinzani wake wakauliza swali lenye mantiki: kama Dunia inakwenda mbio kulizunguka Jua, mbona Mwezi hauachwi nyuma?

Tarehe 7 Januari 1610, akiwa Padua, Galileo aliielekeza darubini yake inayokuza kama mara 20 kwenye Mshtarii, akaona nyota tatu ndogo zimejipanga karibu nayo katika mstari mmoja, mbili upande wa mashariki na moja upande wa magharibi. Alizidhania kuwa nyota za kawaida. Usiku uliofuata zote tatu zilikuwa magharibi. Tarehe 9 mawingu yalitanda. Tarehe 10 akaona mbili tu, zote mashariki, na tarehe 13 zikawa nne. Kwa kuwa alikuwa akichora kila usiku, hakuweza kukwepa hitimisho: nyota hizo zilikuwa zikiizunguka Mshtarii na kusafiri nayo. Mwezi Machi mwaka huohuo habari hiyo ilikuwa imekwisha kuchapishwa Venice.

Sasa rudi kwenye pingamizi. Kila mtu, pamoja na wafuasi wa Ptolemy, mwanafalaki wa kale aliyeiweka Dunia katikati ya ulimwengu, alikubali kwamba Mshtarii inatembea. Nayo ilikuwa inatembea na miezi minne bila kuuacha hata mmoja. Kwa hiyo hakuna aliyeweza tena kudai kwamba Dunia haiwezi kutembea na mwezi wake mmoja, wala kwamba angani hakuna kitovu kingine cha mzunguko isipokuwa Dunia. Miezi ya Mshtarii inatufikisha hapo, haivuki.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye sayari ya Zuhura, na huo ndio ningeupeleka darasani. Zuhura ni ileile nyota ya alfajiri na nyota ya jioni tunayoiona wote. Tangu kale ilijulikana kwamba haiachani na Jua kwa zaidi ya digrii 47 hivi. Ndiyo maana hatuioni utosini usiku wa manane. Ptolemy alieleza tabia hiyo kwa kusema kwamba Zuhura inazunguka kwenye duara dogo, na kitovu cha duara hilo dogo daima kiko kwenye mstari unaoiunganisha Dunia na Jua. Katika mpangilio uliozoeleka wa mfumo wake, duara hilo lote liko upande wetu, kati ya Dunia na Jua.

Tuliza akili hapo, kwa sababu jambo lote limo katika mpangilio huo. Ikiwa Zuhura daima iko upande huu wa Jua, basi upande wake unaoangazwa na Jua hutupa kisogo sehemu kubwa ya wakati, na sisi hatuwezi kuona zaidi ya hilali, nyembamba au nene kidogo. Haiwezekani kabisa tuione ikiwa duara kamili kama mwezi mpevu, kwa sababu ili tuione hivyo ni lazima iwe ng'ambo ya Jua. Lakini ikiwa inalizunguka Jua lenyewe, lazima kuna wakati iwe ng'ambo, ndogo na karibu ya duara kamili, na wakati mwingine iwe upande wetu, kubwa na yenye umbo la hilali.

Kwa macho matupu huwezi kuamua kati ya hayo mawili. Digrii moja hugawanywa kwa dakika 60, na kila dakika kwa sekunde 60. Jicho la kawaida hutofautisha vitu vilivyoachana kwa kama dakika moja, na Zuhura hata ikiwa karibu sana nasi haizidi sana upana huo. Ilihitajika darubini. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1610 Galileo, ambaye sasa alikuwa amehamia Florence, aliifuatilia Zuhura jioni baada ya jioni. Mwanzoni ilikuwa ndogo na ya duara. Ikaendelea kukua, kisha ikaanza kupungua upande mmoja, ikafika nusu, na kufikia mwisho wa Desemba ilikuwa inageuka hilali. Alikuwa amemtumia Kepler, mwanafalaki Mjerumani, habari hiyo kwa fumbo la herufi zilizochanganywa, na alipolifumbua lilisomeka kwa Kilatini kwamba mama wa mapenzi anaiga sura za Mwezi. Mama wa mapenzi ni Zuhura.

Mwalimu, jambo hili unaweza kulionyesha kwa vifaa vya nyumbani. Fungeni mapazia, wekeni balbu moja mezani kwenye kimo cha macho, na mwanafunzi mmoja asimame hatua tano kutoka kwenye balbu. Huyo ndiye Dunia. Mwingine ashike yai jeupe kwa vidole viwili. Kwanza alizungushe katika duara dogo kati ya balbu na mwenzake, bila kuipita balbu. Anayetazama ataona kisogo cheusi cha yai na ukingo wa mwanga tu. Kisha alizungushe kuizunguka balbu yenyewe. Hapo ataona kila sura, na ataona kwamba yai likiwa duara kamili huwa mbali na dogo, na likiwa hilali huwa karibu na kubwa. Galileo aliona hali hii ya pili. Mfumo wa Ptolemy ulianguka siku hiyo, na Copernicus akawa ameshinda.

Msomaji wa Historia alijibu:

Namshukuru Ndugu Mpenda Falaki kwa maelezo mazuri, na zoezi la yai nitalichukua mimi mwenyewe. Hata hivyo naomba kwa heshima nitofautiane naye katika sentensi yake ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayoturudisha kwenye kosa la kile kitabu cha shule. Ni kweli kwamba Ptolemy alianguka. Si kweli kwamba Copernicus alishinda siku hiyo.

Kulikuwa na mfumo wa tatu. Tycho Brahe, Mdenmaki aliyepima nafasi za nyota na sayari kwa usahihi ambao hakuna aliyeufikia kabla ya darubini, alichapisha mwaka 1588 mpangilio wake mwenyewe. Ndani yake Dunia imetulia katikati, Mwezi na Jua vinaizunguka Dunia, na sayari nyingine zote zinalizunguka Jua. Chukua zoezi lilelile la yai. Yai linaizunguka balbu, na safari hii yule aliyeishika balbu anatembea polepole kumzunguka mwanafunzi aliyesimama. Huyo aliyesimama ataona hilali, nusu na duara kamili vilevile, bila tofauti hata moja. Abiria aliyekaa ndani ya kivuko anaona gati linarudi nyuma; kwa kutazama umbali baina yao peke yake hawezi kujua ni kivuko kinachoondoka au ni gati. Sura za Zuhura zinatuonyesha nafasi ya Zuhura, Jua na Dunia baina yao, na nafasi hizo katika mfumo wa Tycho ni zilezile za Copernicus.

Kwa hiyo sura za Zuhura zilithibitisha kwamba Zuhura inalizunguka Jua. Kama Dunia nayo inalizunguka, hilo lilibaki halijaamuliwa. Wanafalaki Wajesuiti wa Roma waliona haya mapema kabisa. Mwezi Aprili mwaka 1611 Kadinali Bellarmine aliwauliza kama mambo aliyoyaona Galileo ni ya kweli, nao wakajibu kwamba ndiyo, Zuhura inapungua na kujaa kama Mwezi, na Mshtarii ina nyota nne zinazoizunguka. Walikiri yote hayo bila kukiri kwamba Dunia inatembea, na wengi wao baadaye wakaegemea mfumo wa Tycho. Mara nyingi tunasimuliwa kana kwamba waliompinga Galileo walikataa kutazama. Wapo waliokataa, lakini walio hodari zaidi walitazama, wakakubali walichokiona, wakabaki na hoja za kisayansi zenye uzito.

Hoja iliyowasumbua zaidi wafuasi wa Copernicus ilihusu nyota. Ikiwa Dunia inalizunguka Jua, basi mwezi Januari tunazitazama nyota kutoka upande mmoja wa njia yetu, na mwezi Julai kutoka upande wa pili, kwa hiyo nyota za karibu zingepaswa kuonekana zimesogea kidogo. Tycho aliitafuta tofauti hiyo, inayoitwa paralaksi, na hakuipata. Copernicus alikuwa amejibu mapema kwamba nyota ziko mbali mno. Tycho akarudi na hesabu kali: kwa jicho nyota angavu huonekana kuwa na upana wa kama dakika mbili, na kitu kilicho mbali kiasi hicho chenye upana huo kingekuwa kikubwa kuliko njia nzima ya Dunia kulizunguka Jua. Hilo halikuaminika, na kwa haki.

Darubini ilianza kuilegeza hoja hii. Sayari zilipotazamwa ziligeuka kuwa viduara, ilhali nyota zilibaki vidoa vidogo. Ukubwa tunaouona kwa jicho ni mng'ao tu. Lakini bado darubini zilionyesha kila nyota kama kisahani kidogo, na hata kisahani hicho kilitosha kuendeleza hoja ya Tycho. Simon Marius, Mjerumani aliyeiona miezi ya Mshtarii kwa wakati mmoja na Galileo, aliviona visahani hivyo na kuvitumia kuutetea mfumo wa Tycho. Hakujua kwamba kisahani hicho hutengenezwa na darubini yenyewe, kwa jinsi mwanga unavyotawanyika unapopita kwenye tundu lake.

Dalili ya jambo hilo ilipatikana mwaka 1637, na inawahusu Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wetu wamelitumia vizazi kwa vizazi kuyasoma majira. Mwezi ulipita mbele ya Kilimia, na Waingereza wawili, Jeremiah Horrocks na William Crabtree, wakaona kwamba kila nyota iliyofunikwa na ukingo wa Mwezi ilitoweka ghafla, kama taa iliyozimwa. Kitu chenye upana halisi kingefunikwa kidogo kidogo. Kwa hiyo nyota ni ndogo mno kwa macho yetu, na hesabu ya Tycho ilikosa msingi.

Mwalimu wa Kidato cha Pili:

Ndugu zangu, nimejifunza katika siku hizi mbili kuliko nilivyojifunza katika miaka mingi ya kufundisha mada hii. Nimefuta maelezo yangu ya zamani. Lakini sasa nina swali la pili ambalo najua nitaulizwa. Kama darubini ya Galileo haikuweza kutofautisha kati ya Copernicus na Tycho, ni nini kilichowafanya wanafalaki waukubali mfumo wa Jua, yaani ule unaoliweka Jua katikati? Na je, ni sahihi kusema kwamba walikubali kabla ya kuwa na uthibitisho?

Msomaji wa Historia alijibu:

Mwalimu, wengi wao walikubali kabla ya uthibitisho wa moja kwa moja, na walikuwa na sababu nzuri. Sababu kubwa zaidi ni Kepler, ambaye kwa bahati mbaya vitabu vyetu vya shule humtenganisha na habari ya darubini.

Kepler alichukua vipimo vya Tycho na kuonyesha kwamba sayari hazitembei kwenye duara kamili bali kwenye duaradufu, na Jua halipo katikati bali kwenye moja ya nukta mbili za msingi za duaradufu hiyo. Majedwali aliyoyatoa mwaka 1627 yalitabiri kwamba tarehe 7 Novemba 1631 sayari ya Utaridi ingepita mbele ya uso wa Jua. Kepler alifariki mwaka 1630, hakuwahi kuliona. Pierre Gassendi, akiwa Paris, aliupitisha mwanga wa Jua katika darubini hadi kwenye karatasi ndani ya chumba chenye giza, akasubiri. Aliona doa jeusi dogo sana, dogo kiasi kwamba kwanza alilidhania kuwa doa la kawaida la Jua, hadi alipogundua kwamba linakwenda kwa kasi ambayo madoa ya Jua hayana. Ilikuwa Utaridi. Majedwali ya Kepler yalikuwa yamekosea kwa kama robo ya digrii. Mengine yaliyotumika wakati huo yalikosea kwa digrii kadhaa, na naomba ieleweke kwamba miongoni mwa hayo yalikuwamo yaliyotokana na miduara ya Copernicus mwenyewe. Kilichoshinda siku hiyo ni mfumo wa Jua kama Kepler alivyoutengeneza upya.

Hapa ndipo miezi ya Mshtarii inaporudi, na kwa namna ambayo mwanafunzi wako ataifurahia. Mwaka 1619 Kepler alichapisha kanuni inayosema kwamba kipeo cha pili cha muda wa mzunguko wa sayari, yaani muda huo ukizidishwa kwa wenyewe, hulingana kwa uwiano na kipeo cha tatu cha umbali wake kutoka kwenye Jua. Muda mfupi baadaye alionyesha kwamba miezi ya Mshtarii inaifuata kanuni hiyohiyo. Tuijaribu kwa vipimo vya leo. Mwezi wa ndani, Io, huzunguka kwa siku 1.77, na wa nje, Callisto, kwa siku 16.69. Callisto iko mbali mara 4.46 kuliko Io. Gawa 16.69 kwa 1.77, unapata 9.43, kipeo chake cha pili ni 89. Kipeo cha tatu cha 4.46 ni karibu 89 vilevile. Zuhura na Dunia nazo zinaifuata kanuni hiyo kuhusu Jua.

Sasa mpe Tycho nafasi. Katika mfumo wake vitu viwili vinaizunguka Dunia: Mwezi kwa siku 27.3, na Jua kwa siku 365.25. Gawa, unapata 13.4, kipeo cha pili ni karibu 179. Ili kanuni isimame, Jua lingepaswa kuwa mbali nasi mara 5.6 tu kuliko Mwezi. Hata Ptolemy, aliyeliweka Jua karibu mno, alilipa umbali wa kama mara 20 ya ule wa Mwezi. Kwa vipimo vya leo ni karibu mara 390. Kwa hiyo katika mfumo wa Tycho kanuni inafuatwa kila mahali angani isipokuwa hapa kwetu, wakati katika mfumo wa Jua inafuatwa pote. Naona hoja hii inaeleweka vizuri kuliko nyingi, na inahitaji kikokotoo tu.

Uthibitisho wa moja kwa moja ulikuja kwa darubini pia, ila baada ya zaidi ya miaka 100. Kuanzia mwaka 1725 James Bradley, kwanza pamoja na Samuel Molyneux, alikuwa akiitafuta paralaksi ya nyota moja iliyopita karibu na utosi wa London. Aliona nyota inasogea kweli, sekunde 20 za pembe huku na sekunde 20 huku kwa mwaka, lakini ilisogea katika miezi ya mwaka isiyolingana na paralaksi. Mwaka 1728 akapata maelezo. Mtu anayetembea haraka kwenye mvua inayoanguka wima huinamisha mwavuli mbele, kwa kuwa matone humjia kana kwamba yanatoka mbele yake. Mwanga wa nyota hutujia vivyo hivyo, na darubini lazima iinamishwe kidogo kuelekea tunakokwenda. Miezi sita baadaye, Dunia ikiwa inaelekea upande wa pili, mwinamo unageuka. Mtu aliyesimama hana haja ya kuinamisha mwavuli. Paralaksi yenyewe ilipimwa na Friedrich Bessel mwaka 1838 kwenye nyota ya 61 Cygni, na ilikuwa chini ya theluthi moja ya sekunde. Haishangazi kwamba Tycho hakuiona.

Mpenda Falaki:

Ninakubali marekebisho, na ninamshukuru Ndugu Msomaji wa Historia. Niliandika kwamba Copernicus alishinda, na sikupaswa kuandika hivyo. Ningeongeza tu kwamba, hata kama sura za Zuhura hazikumwangusha Tycho, zilibadilisha mjadala. Baada ya mwaka 1611 hakuna mwanafalaki makini aliyeweza kuutetea mfumo wa Ptolemy kama ulivyokuwa. Hata aliyetaka Dunia itulie alilazimika kukubali kwamba Zuhura, na karibu kwa hakika Utaridi pia, zinalizunguka Jua. Wakati huohuo madoa ya Jua, yaliyoandikwa na Johannes Fabricius, Scheiner na Galileo kuanzia mwaka 1611, yalionyesha kwamba Jua lenyewe linajizungusha. Hayo yote hayathibitishi kwamba Dunia inatembea, lakini yaliifanya dhana hiyo isiwe ya ajabu tena.

Mwanafunzi wa Chuo:

Mwalimu, shikamoo. Mimi sina ujuzi wa historia, ila napenda kutazama, na nina neno kuhusu vifaa. Huhitaji darubini ya gharama ili darasa lako lione alichoona Galileo. Darubini ya kawaida ya macho mawili yenye alama ya 10x50, ile wanayotumia watazama ndege, inatosha kuionyesha miezi ya Mshtarii. Tatizo ni mikono. Hutetemeka, na miezi inakuwa vimistari. Mimi huiegemeza kwenye ukuta wa baraza, au huilaza juu ya mfuko wa mchele uliowekwa kwenye mgongo wa kiti.

Kila usiku nilichora duara dogo na vidoa pembeni yake kwenye daftari, nikaandika na saa. Usiku wa kwanza niliona vidoa vitatu kushoto na kimoja kulia. Kesho yake viwili na viwili. Usiku wa tatu vilikuwa vitatu tu, na nilipotazama tena baada ya saa mbili cha nne kilikuwa kimejitokeza ubavuni mwa sayari. Nilikuwa nimeisoma habari hii mara nyingi, lakini kukiona kidoa kile kikitokea pale ambapo hapakuwa na kitu ni jambo lingine. Wanafunzi wachore bila kuambiwa kwanza watakachoona.

Zuhura nayo huonekana kama hilali kwa darubini hiyohiyo, katika wiki za mwisho kabla haijapotea kwenye mwanga wa Jua la jioni. Itazameni anga likiwa bado na mwanga, kwa sababu gizani inang'aa mno na umbo lake linapotea. Na tafadhali, Jua liwe limekwisha kuzama kabisa kabla hamjainua darubini. Kulitazama Jua kwa darubini, hata kwa nukta moja, kunaweza kumpofusha mtoto.

Mwalimu wa Kidato cha Pili:

Marahaba, mwanangu, na ahsanteni nyote. Leo tumefanya zoezi la yai. Tulifunika madirisha kwa kanga na tukatumia balbu ya taa ya mezani. Nilimpa yule msichana nafasi ya Dunia, kwa kuwa swali lilikuwa lake. Katika mzunguko wa Ptolemy alisema anaona giza na "kijimwanga pembeni". Katika mzunguko wa pili alinyamaza mpaka yai likafika nyuma ya balbu, kisha akasema kwa sauti, "Limejaa!" Ndipo nikamwambia mwenzake aliyeshika balbu aanze kutembea, nikawaeleza habari ya Tycho, na darasa likagawanyika. Walibishana mpaka kengele ikalia, na sikuwazuia.

Kabla ya kutoka akaniuliza jingine. Ikiwa Zuhura inakuwa hilali, je, Mirihi nayo huwa hilali? Nimemwambia nitamjibu Jumatatu.

Mpenda Falaki alijibu:

Mwalimu, mwambie kwamba kutoka hapa duniani haiwi hilali kamwe, kisha mpe yai alitafute mwenyewe. Safari hii anayeshika yai atembee nje, nyuma ya mgongo wa msichana huyo, akizunguka balbu na msichana kwa pamoja. Mirihi iko mbali na Jua kuliko sisi, haiwezi kuja kati yetu na Jua, kwa hiyo upande wake wa giza hauwezi kutugeukia wote. Ikiwa nyuma yetu kabisa, mkabala na Jua, huwa imejaa. Ikiwa ubavuni hupungua kidogo tu, kiasi kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uso wake hubaki na mwanga. Galileo mwenyewe, katika barua aliyomwandikia Benedetto Castelli tarehe 30 Desemba 1610, alisema kwa tahadhari kwamba hathubutu kudai ameziona sura za Mirihi, ila kama hakosei anaiona si duara kamilifu.

Asimame pale alipokuwa, ageuze shingo kulifuata yai, na likiwa limefika ubavuni alitazame vizuri upande ulio mbali na balbu. Ukingo mwembamba wa kivuli utakuwa hapo.